Barafu ya Mia Tano

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi hauna huruma.
Mvua imeahidi, haijafika.
Vumbi jekundu linapanda hadi kwenye kope,
jakaranda zinamwaga zambarau yake
juu ya barabara inayonata chini ya kandambili.

Mimi nauza barafu. Mlangoni mwa uwanja, Kamalondo:
sanduku la plastiki, kifuniko kimepasuka,
vifuko vya maji niliyogandisha usiku
umeme ulipoukumbuka mtaa wetu.
Siku usipotukumbuka, siuzi. Nakaa.

Wakimbiaji ndio wateja wangu.
Huyu anaweka kifuko kwapani, yule chini ya kofia,
mwingine anaitafuna barafu, meno yakilia kama changarawe,
anasema tumbo likitangulia kupoa
miguu inapata muda wa kukopa.
Sijasoma elimu yao. Nimekaa tu hapa, naangalia
nani analegea mapema na nani anachelewa kulegea.

Mwilambwe alikuwa na mtindo wake.
Kipande cha kitenge cha mama yake,
ndani vifuko vitatu, fundo shingoni.
"Mama Chola," aliniambia, "ukiipoza shingo,
jua linakuwa la watu wengine."
Akacheka. Nikacheka.
Nikapokea elfu moja na mia tano.

Akakimbia saa saba mchana,
saa ambayo hata mbwa wa Kamalondo
hulala chini ya lori bovu.
Akakimbia vizuri. Vizuri mno.
Wenzake walipunguza, yeye akaongeza.
Wenzake waliomba maji,
yeye akapunga mkono: endeleeni kunywa.

Shingo ilikuwa imeambiwa: kumepoa.
Shingo ikapeleka habari kichwani,
kichwa kikaamini, kikaiambia miguu: twende.
Moyo haukuulizwa.
Ini halikuulizwa.
Damu iliyokuwa ikichemka huko ndani
kama maji yanayongoja unga wa bukari
haikuwa na mjumbe.

Kwenye kona ya mwisho aligeuka, akarudi alikotoka.
Kocha Kapend akamwita.
Akaitikia kwa jina la kaka yake, marehemu.
Akaniangalia mimi, akauliza kwa adabu
treni ya Kamina inaondoka saa ngapi.
Kisha magoti.

Mtu akasema, mpeni hewa.
Mwingine alikwisha kuanza kuomba kwa sauti.
Kocha alisema neno moja: beseni.

Lile la bluu, la mama anayefua jezi.
Jezi zikatupwa kwenye vumbi, yeye akawekwa ndani,
miguu nje, kichwa mapajani mwa kocha.
Nikapasua vifuko kwa meno.
Nilivihesabu, sikuweza kujizuia: arobaini na kimoja.
Faranga elfu ishirini na mia tano
zikayeyuka juu ya kifua cha mtoto wa mtu.

Maji yakapata moto.
Nasema kweli: mwili ule uliyapasha.
Tukamwaga, tukachota, tukamwaga,
mpaka vidole vyangu vikawa vya mtu mwingine.

Halafu meno yake yakagongana.
Halafu akafungua jicho moja, akasema:
"Nani amechukua kiatu changu?"
Hakuna aliyejua kama ni wakati wa kucheka.

Njiani kurudi nyumbani niliitukana barafu.
Mwongo wee, kibaraka wa shingo.
Nilipofika kwenye friza nikaomba radhi,
maana iliyomdanganya na iliyomrudisha
zilitoka kwenye bomba moja, usiku mmoja.
Tatu zilimbembeleza.
Arobaini na moja zilimwambia ukweli.

Sasa amerudi, na kitenge chake.
Lile beseni nililinunua, liko nyuma yangu,
limegeuzwa chini juu, naliombea libaki kavu.
Na kabla sijafungua sanduku namuuliza,
kila awamu, mbele ya wenzake:
"Mama yako anaitwa nani? Leo ni siku gani?"

Anakunja uso. Anapiga mguu chini.
"Anaitwa Kaimba. Leo Alhamisi, Mama Chola.
Na jana hukunirudishia chenji."